Unyevu wa Ijumaa

Marehemu mama yangu alikuwa akisema kwamba nyumba yetu ya Ansab, pembeni mwa Maskati, ilijengwa kwa ajili ya kisanduku. Eti Baba alianza kutafuta mahali pa kukiweka, penye kivuli na upepo, mbali na ukuta unaoshika joto, na alipokwisha kupapata ndipo akaruhusu nyumba ijengwe pembeni. Si kweli, lakini si uwongo mkubwa. Fundi aliyejenga ukuta wa uwani aliambiwa ausogeze mara mbili, na chumba cha wageni hadi leo hakina dirisha upande wa kaskazini, kwa sababu kiyoyozi cha dirishani kingempulizia joto mheshimiwa.

Mheshimiwa mwenyewe ni kisanduku cheupe cha mbao, chenye miguu minne, na milango yake ina mbao za mshazari ili upepo upite na jua lisiingie. Ndani mna vipimajoto viwili. Kimoja kiko uchi. Cha pili kimevishwa kitambaa cha melimeli kwenye tumbo lake la zebaki, na ncha ya kitambaa inaning'inia ndani ya kikombe kidogo cha maji. Maji yanapanda kwenye melimeli, yanakauka kwa hewa, na yakikauka yanapoza. Hewa ikiwa kavu, kile cha maji kinapoa sana na vipimajoto viwili vinaachana. Hewa ikiwa na fukuto, maji yanakauka polepole, na viwili vinakaribiana. Kwa tofauti hiyo unajua hewa imebeba unyevu kiasi gani. Elimu yote ndiyo hiyo, na Baba ameitumikia tangu ujana wake Unguja, alipokuwa msomaji wa vipimo vya hali ya hewa, mpaka tulipohamia Maskati akapata kazi ile ile uwanja wa ndege. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani. Alirudi nyumbani, akaitundika saa, akatoka nje kusoma kisanduku chake mwenyewe.

Anasoma mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Harusi ya kaka yangu iliahirishwa nusu saa kwa sababu ya saa nane. Mwaka kilipotupiga kimbunga kikubwa, Baba alitoka na koti la mvua na tochi mdomoni, na Mama akamshika ncha ya kikoi kutoka mlangoni, akisema kwamba upepo ukimchukua mume na kikoi ukichukue kabisa, yeye hana haja nacho. Daftari za miaka zaidi ya thelathini zimepangwa kabatini chumbani kwake, na hakuna siku iliyorukwa. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kusoma, anabadilisha melimeli na kuosha kikombe, na anatia maji yaliyosafishwa yanayouzwa duka la dawa. Sisi tulikunywa ya bomba.

Baba ana kitabu pia. Ni kitabu kinene cha Kiingereza alichokiokoa kule Unguja siku ofisi yao ilipokuwa inachoma karatasi za zamani. Ni muhtasari wa tafiti za mwanzoni mwa karne iliyopita, umegawanywa sehemu tatu: hali ya hewa, fizikia na kemia. Jalada lake limeliwa na mende pembe zote. Baba hajapata kukichukulia kama kitabu cha zamani. Kwake yeye ni gazeti. Mgeni akija, kabla kahawa haijamiminwa, ataambiwa, "Wamegundua kwamba ukipanda juu sana, baridi inafika mahali inakoma kuzidi." Walirusha maputo yenye vipimajoto ndani yake, anaeleza, na vipimajoto vikarudi na habari hizo. Mkwe wa kaka yangu, mtu mpole kutoka Nizwa, aliwahi kuuliza wamegundua lini. Baba akamjibu bila kupepesa macho, "Juzi tu."

Ametueleza kwamba kuna miale inatoka mbinguni kusikojulikana, na kwamba kadiri unavyopanda ndivyo inavyozidi. Ametueleza kwamba chembe za moshi hazitulii kwa sababu hewa inazigonga kila upande. Yote ni kweli, na yote yamepita miaka mia. Mimi nilisomesha kemia skuli za serikali mpaka nilipostaafu, na sikuwahi kumfahamisha hata neno moja, kwa sababu sehemu ya kemia haisomi. Anairuka. "Hayo mambo ya jikoni," husema, mbele yangu, na mimi ndiye niliyemletea chakula.

Sasa nije kwenye ugunduzi. Baba alikuwa na mmoja, wa kwake mwenyewe, usiokuwamo kitabuni. Baada ya miaka kadhaa ya kusoma kisanduku cha Ansab aliona kwamba Ijumaa, saa nane mchana, hewa ina unyevu zaidi kuliko siku nyingine. Asubuhi ya Ijumaa ni kama asubuhi zote. Inapofika saa nane, vipimajoto vinakaribiana. Jumamosi asubuhi vimekwisha kurudi kwenye hali yao. Si mara moja wala mbili, ni Ijumaa baada ya Ijumaa, kiangazi na kipupwe. Alikagua, akapiga wastani, akakagua tena.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Baina ya asubuhi na saa nane ya Ijumaa, mji mzima wa Maskati unakoga. Wanaume wanakoga josho la Ijumaa, wanatia udhu, misikiti inamwaga maji, majumbani masufuria ya wali yanatoa mvuke, na yote hayo yanapanda hewani. Kaka yangu, anayeuza magari Wattaya, alitaka na uoshaji wa magari utiwe ndani. Baba alilipima jambo hilo wiki nzima, akalikubali kwa shingo upande. Jirani yetu anayefanya kazi kiwandani Rusayl akasema labda ni kwa sababu viwanda vinafungwa Ijumaa. Huyo alikatazwa kuzungumza. Baba aliandika makala ya kurasa nane kwa mkono wake, na juu yake akaandika: Unyevu wa Ijumaa.

Mama alikuwa akiisikiliza habari hiyo kila inaposimuliwa, na husema, "Mashallah," kisha huinuka kwenda kutazama chungu. Nilidhani amechoka nayo. Sote tulikuwa tumechoka nayo.

Ijumaa ya Mama ilikuwa na kanuni zake pia. Saa tatu chetezo kiko juu ya makaa na udi umo. Kanzu ya Baba inatandazwa juu ya tenga, inafukizwa ndani na nje. Yanafuata mapazia, mito, mashuka, nywele zangu, na gari la kaka yangu likiwa karibu. Kufika saa tano nyumba haipumuliki. Mwisho kabisa, Baba akishavaa, Mama alikuwa anamsimamisha mlangoni na kichupa cha mafuta ya udi mkononi. Wale wasiozijua kanzu za huku niwaambie kwamba zina kishada kinaning'inia kooni, kinaitwa furakha, na kishada hicho kazi yake ni kupakwa mafuta mazuri. Kanzu za Unguja hazikuwa nacho. Mama alikikuta Maskati na akakipenda kuliko wenyeji. Baba alikuwa anainua kidevu na kufumba macho, na Mama anapaka, akimwambia, "Tulia, we mwanamume." Akishaondoka Baba kwenda msikitini, mafuta yaliyobaki kidoleni Mama huyafuta popote, kwenye mkono wa kiti, kwenye pazia, kwenye kitasa. Hakuna aliyefuatilia kidole kile kiliishia wapi.

Mama amekufa mwaka wa nne sasa. Aliumwa muda mrefu, akafa wiki moja kabla ya Ramadhani, na Baba siku ile alisoma saa mbili na akasoma saa nane. Watu wengine walimwona mkavu. Mimi nilimwona akiandika, akifuta, akiandika tena. Miezi michache kabla ya hapo macho yake yalikuwa yameanza kuharibika kwa presha ya macho, na daktari akamwambia yaliyopotea hayarudi. Ulipokwisha msiba nilihamia Ansab nikakaa naye, maana vipimo hakuviona tena, na kazi ya kisanduku ikawa yangu. Nasoma mimi, naandika mimi, na yeye anasimama nyuma yangu kusikiliza kama nimeusukuma mlango kwa nguvu.

Nikawa msomaji wake wa kitabu vilevile. Kila siku baada ya Alasiri, chini ya feni ya baraza, namsomea Kiingereza na kukigeuza Kiswahili hapo hapo, na yeye ananisahihisha. Tukifika kemia ananiambia, "Ruka."

Mashaka yakaanza mwaka huu, aliponiambia nimpigie wastani wa Ijumaa. Mjukuu wa rafiki yake wa zamani, kijana mhandisi wa mambo ya hali ya hewa, alikuwa ameomba kuja kuziona daftari. Alisema rekodi ya nyumbani ya miaka mingi namna ile, isiyokatika, hajapata kuiona, na angependa ihifadhiwe. Baba alipokea simu ile amesimama. Alimwambia kijana, "Karibu Jumamosi, baba. N'na jambo la kukuonesha ambalo vitabuni halimo." Akataka makala yake ya kurasa nane iongezewe miaka ya karibuni, ili mgeni asomewe ikiwa kamili.

Nikapiga wastani. Unyevu wa Ijumaa haukuwepo. Kwa miaka hii minne, Ijumaa saa nane ni kama Jumatano.

Nilipomwambia alisema kwa upole mkubwa, ule upole wake unaoumiza, "Tangu usome wewe, mwanangu, Ijumaa zimekufa."

"Baba, mimi sijaua Ijumaa ya mtu."

"Sikwambii umekusudia. Lakini Ijumaa una pilau jikoni. Mtu mwenye pilau jikoni hasomi, anachungulia."

Nilikasirika. Nimesomesha watoto wa watu kusoma kipimajoto, kisha naambiwa nachungulia! Nikachukua daftari za mwaka ule aliokufa Mama, nikakaa chini sakafuni, nikapitia siku moja moja. Na hapo nikaona kitu. Mwandiko wa Baba unakoma, mwandiko wangu unaanza, na Ijumaa zinaendelea kuwa na unyevu. Ijumaa yangu ya kwanza, unyevu upo. Ya pili, upo. Ya tatu. Zilipita Ijumaa tisa kwa mwandiko wangu mwenyewe, halafu ya kumi haina kitu, na tangu hapo hakuna tena. Kwa hiyo si kusoma kwangu. Nilifurahi sana kwa kuwa nimeshinda, nikatoka uwani na daftari mkononi nikisema peke yangu kwa sauti, "Lakini kwa nini zimekauka?"

Uwani alikuwapo msichana wetu wa kazi, Mganda, anaanika nguo. Yuko nasi tangu mkataba wake wa kwanza, na Mama ndiye aliyempokea na kumfundisha kila kitu cha nyumba ile. Ananiita madam ingawa nimemkataza.

"Nini imekauka, madam?"

"Kipimo cha Baba. Siku za Ijumaa."

Akatazama kisanduku, akatazama nguo mikononi mwake. "Si ni kwa sababu hainuki tena?"

"Nini hainuki?"

"Hii kitambaa yake. Zamani ya Mama ilikuwa inanuka vizuri." Akaona uso wangu, akaweka nguo chini. "Mama alisema ni siri. Alisema, angalia, Baba ana furakha mbili. Moja iko kwa kanzu, moja iko hapa kwa sanduku. Kama ile inapakwa, na hii ipakwe, isione wivu. Kila Friday, Baba akienda kuswali, tone moja. Mkono ya Mama ilipoanza kutetemeka, akaniambia mimi ndiyo niweke."

"Na alipokufa?"

"Niliendelea. Sikujua kama nimeambiwa niache. Kichupa kilikuwa na kidogo. Ikaisha, khalas." Akafuta mikono yake kwenye nguo. "Nimekosea?"

Nikamwambia hajakosea, nikaingia ndani, nikakaa juu ya kitanda cha Mama. Ningependa kusema kwamba nililia. Nilicheka kwanza. Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa mto, kwa kumfikiria Baba msikitini na udhu wake, anaamini kwamba anainyeshea Maskati unyevu, na huku nyuma Mama anakipaka mafuta kipimajoto chake. Asingeweza kugundua kwa pua. Mtu aliyefukizwa tangu kichwani hadi miguuni, ndani ya nyumba iliyofukizwa tangu mlangoni hadi chooni, atasikiaje harufu ya tone moja kwenye kisanduku? Na Jumamosi asubuhi anaitoa melimeli na kuitupa, na ushahidi umeondoka.

Kisha nikaogopa. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi mhandisi anakuja, na Baba amekwisha kufuliwa kanzu yake. Nikikaa kimya, atamsomea kijana wa watu kurasa nane juu ya josho na masufuria, na kijana atakuwa na adabu, atatikisa kichwa, na akirudi kazini atawasimulia wenzake. Nikisema, nimemnyang'anya kitu pekee alichokigundua, na macho yake hayatamruhusu kugundua kingine. Zaidi ya hayo nitakuwa nimemwambia kwamba mkewe alimharibia daftari zake, yeye ambaye hawezi tena kumwuliza. Sikuwa na ujasiri wa kumtazama mtu asiyeniona nikamwambia maneno hayo.

Nikafanya kama wafanyavyo walimu waoga. Nilitafuta kitabuni.

Alhamisi baada ya Alasiri nikamwambia, "Leo tunasoma kemia."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Tunasoma kemia."

"Ruka."

"Siruki, Baba. Miaka hamsini unairuka mbele ya binti yako. Leo kurasa mbili tu."

Akaguna, akaegemea, akafumba macho kuonyesha kwamba halali ila anateswa. Nikamsomea. Watafiti walichukua maji safi kwenye sinia, wakadondoshea tone la mafuta, na mafuta yakatandaa. Yalitandaa mpaka yakawa membamba kiasi kwamba hayawezi kuwa membamba zaidi, utando wa molekuli moja moja zimepangana ubavu kwa ubavu. Kwa upana wa utando huo wakajua molekuli yenyewe ina ukubwa gani, kitu ambacho hakuna jicho lililopata kukiona. Nikaona Baba amefumbua macho. Nikaendelea, nikamgeuzia yale ya mwisho wa ukurasa: kwamba utando mwembamba namna hiyo, wa mafuta ya aina fulani, unaweza kuyazuia maji yaliyo chini yake yasikauke upesi.

Feni ilizunguka. Baba akasema, "Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Maji yakichelewa kukauka, hayapozi."

"Hayapozi, Baba."

"Kipimajoto cha maji kinabaki juu. Vinakaribiana." Alikuwa anasema polepole, anahesabu kwa vidole juu ya goti. "Mtu anayesoma ataandika kuna unyevu. Na unyevu haupo."

"Ndiyo."

"Melimeli n'nabadilisha Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi safi. Wiki nzima safi. Ijumaa asubuhi safi. Saa nane si safi." Akasita. "Baina ya hapo n'nakuwa msikitini."

Mkono wake ukapanda kooni, ukashika mahali furakha inapokaa, ingawa alikuwa amevaa shati la nyumbani lisilo na furakha.

"Mamako," akasema.

Ndipo nikamsimulia yote, furakha mbili, wivu, tone moja, kichupa kilichokwisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga paja. "Wallahi kanimaliza! Miaka yote! N'namsomea makala, ananambia mashallah!" Akacheka kwa kifua kizima, akakohoa, nikampa maji, akacheka tena, na katikati ya kicheko sauti ikamkatika, na machozi yakamtoka kwa macho yale yasiyoona. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akilia, hata siku ya msiba. Nilimshika mkono na mimi nikalia pia, na sote wawili hatukuona haya.

Alipotulia alijifuta uso kwa leso, na nikamsikia amerudi kuwa yule yule. "Haya, lakini haya ni maneno tu. Msichana anaweza kukosea. Kitabu kinaweza kukosea. Kesho tupime."

Msichana alikuwa amekihifadhi kile kichupa kitupu, hakuthubutu kukitupa kitu cha Mama. Nilikipeleka kwa muuza manukato anayefungua mapema Ijumaa, akakinusa, akanijazia mafuta yale yale. Saa tano nikamfukizia Baba kanzu yake. Akasimama mlangoni, akainua kidevu, akafumba macho. Nikampaka.

"Mamako alikuwa anaanzia nyuma," akasema.

Nikaanzia nyuma.

Kaka yangu alimpeleka msikitini, na mimi nikaenda uwani na tone moja kidoleni. Nilisita, nakiri. Katika maisha yangu yote hakuna mwiko niliofundishwa mapema kuliko kutogusa melimeli ile. Nikaipaka. Saa nane kasorobo Baba amerudi, hakutaka chakula, akasimama kando ya kisanduku na fimbo yake. Saa nane kamili nikafungua mlango.

Nikamwambia cha kwanza, nikamwambia cha pili. Vilikuwa vimekaribiana.

"Soma tena. Usichungulie."

Nikasoma tena. Ni vile vile. Alisimama pale juani muda mrefu, na mkono wake juu ya paa la kisanduku. "Ijumaa imerudi," akasema, kisha akaniuliza kama pilau iko tayari.

Jumamosi mhandisi alikuja baada ya Alasiri, kijana mrefu mwenye adabu, na kompyuta ya kupakata. Aliandaliwa halwa na kahawa, akaelezwa kwamba baridi huko juu inafika mahali inakoma, akashangaa vizuri kama anavyopasa mgeni. Kisha akapitia daftari, na nikaona kwamba ni mtu wa kazi yake kweli, maana hakuchukua muda kuuliza juu ya Ijumaa. Baba alimweleza kila kitu bila kujificha, mafuta, utando, molekuli, kama mtu anayesimulia utafiti wa watu wengine. Makala ya kurasa nane alikuwa ameniambia niirudishe kabatini. "Wamekosea wakubwa kuliko mimi," alisema, "na bado wako kitabuni."

Kijana alicheka, kisha akawa mzito kidogo. "Babu, hizi za Ijumaa saa nane itabidi tuzitie alama. Zisihesabiwe na nyingine."

"Tia alama. Ni haki."

"Na mbele ya alama lazima iandikwe sababu." Vidole vyake vilikuwa tayari. "Niandike kipimo kilikuwa na hitilafu?"

"Kipimo changu hakikupata hitilafu hata siku moja," Baba akasema.

"Samahani, Babu. Niandike mafuta kwenye kitambaa?"

Baba akafikiri. Alikuwa amekaa wima kwenye kanzu iliyofukizwa jana, ameelekeza uso upande ambao sauti ya kijana ilikuwa inatoka, na kidole gumba kinachezea furakha.

"Andika kwamba mke wangu alikuwa hai."

Kijana alinitazama mimi, kutaka msaada. Akainamia kompyuta yake, akaandika.